Kibaba Alichokipokea Buku

Zama wanyama walipolima wenyewe, kila mavuno walimpa panya Buku kibaba cha mtama, naye aliahidi kumlisha yeyote atakayepoteza akiba yake. Sehemu ya mtama huo Buku alimpelekea Nungunungu wa kilimani, aliyekubali kumsaidia msiba ukiwa mkubwa.

Mafuriko yakasomba ghala la Kindi. Alikuja na watoto wake, wamelowa chapachapa.

“Nenda kwa Nungunungu,” Buku alisema. “Ndiye mwenye ghala kubwa.”

“Nungunungu simjui, kaka. Kibaba changu ulikipokea wewe.”

Buku alishusha masikio. Kisha akafungua ghala lake, akawapimia mtama mpaka likabaki vumbi.

“Na sisi je?” mkewe aliuliza.

“Nipe fimbo yangu,” Buku alisema. “Kile kilima ni changu kukipanda, si cha watoto hawa.”