Roboti Asiyenuka

Sikilizeni ya nguchiro. Desturi yao ilikuwa kupakana harufu kila asubuhi, na asiyenuka kama wao aling'atwa. Ndiyo maana Chuma, roboti mdogo waliyemkuta jalalani, alilala nje ya shimo lao.

"Wewe hunuki chochote," Bi Nyamvua, mkuu wao, alimwambia. "Huna kwenu hapa."

Siku moja maji ya mvua yalifurika shimoni yakawaosha wote. Gizani kila mmoja alinusa, asimtambue aliye ubavuni pake. Wakatetemeka, meno nje.

"Kuna mgeni humu!" alifoka Bi Nyamvua, akamrukia wa karibu na kumdaka koo.

"Mwachie, Bibi!" Chuma alilia kutoka mlangoni. "Huyo anayeburuta mguu ni Kichonge, mwanao! Namsikia akipita kila siku."

Bi Nyamvua akaachia. Chuma akawataja wengine mmoja mmoja, kwa nyayo na vikohozi vyao.

Mvua ilipokatika, Bi Nyamvua alimsugua Chuma shavu kwa shavu hadi bati likanuka.

Chuma akaogopa. "Na mvua ikinyesha tena?"

"Tutakupaka tena, mwanangu. Hata sisi hatukuzaliwa na harufu hii."