Mwenye Ndugu Atoke Nje

Mama Falonne aliisoma kanuni kwa mara ya pili, na kwa mara ya pili hakuna kiti kilichosogea.

"Mwenye ndugu kati ya waombaji atoke nje, asipige kura." Akavua miwani, akawatazama. "Kweli hakuna?"

"Endelea, mama," alisema Tata Stany. "Hapa hakuna mutu mwenye ndugu kule."

Kule ni gare, stesheni ya treni ya Kolwezi, mkoani Katanga. Tangu vijana walipoanza kuwafukuza Wakasai nyumba kwa nyumba, watu wenye asili ya mkoa wa Kasai lakini waliozaliwa Katanga, wao na wazazi wao, walikuwa wakilala juu ya changarawe kando ya reli, wakingoja treni isiyokuja. Hakukucha bila mtu kufunikwa shuka usoni. Sasa walikuwa wameuomba Mfuko uwalipie mabehewa ya kuwapeleka Kasai.

Mfuko huo ulikuwa na wafadhili ng'ambo, lakini waliochagua nani asaidiwe ni kamati ya watu wa mjini. Mama Falonne, aliyetumwa kutoka Lubumbashi, aliongoza kikao tu. Kura hakuwa nayo. Wenye kura walikuwa wanne, na ombi halikupita bila mikono mitatu.

Kalumba alikuwa mmoja wa wale wanne, mdogo kuliko wote, na kiti kilimchoma. Mama yake, Mbelu, alikuwa gare tangu mvua za kwanza, miguu imevimba, hawezi tena kusimama. Kalumba hakuwa amethubutu kumpelekea hata kikombe cha uji. Jina alilokaa nalo mezani hapo lilikuwa la jirani aliyekufa. Jina lake la kweli, Tshilombo, jina la Kikasai, lingemtoa nyumbani kwake kabla jua halijazama, na huenda lingemtoa duniani.

Na kanuni ile ni yeye aliyeidai. Mwaka uliotangulia, mjumbe mmoja alimpa shemeji yake mashine ya kusaga mahindi iliyokuwa ya wajane wa mtaa wa Kapata. Siku ile Kalumba alipiga meza ngumi. Alisema msaada wa maskini usipite mikononi mwa jamaa, hata jamaa awe na njaa. Walimpigia makofi, kisha wote wakaapa, huyu kwa Biblia, yule kwa Kurani.

Sasa aliwapima wenzake kimoyomoyo. Mama Huguette, muuguzi, angenyanyua mkono. Hakuna siku aliyokosa kwenda gare kuwapa watoto maji ya chumvi na sukari. Tata Asani, mwenye malori, angenyanyua pia, kwani ni mtu wa huruma. Lakini Stany? Stany ndiye aliyepanda juu ya meza sokoni Kapata, akapaza sauti kwamba bilulu, wale wadudu, warudi kwao. Kalumba akitoka, uhai wa mama yake ungebaki mkononi mwa Stany.

Basi nibaki, alijiambia. Nidanganye mara hii tu.

"Kalumba," Stany alimwita, "unatoka jasho sana. Uko na homa?"

"Ni joto, tata."

"Joto, na hii mvua!"

"Muache mutoto," alisema Mama Huguette. "We mwenyewe, ile muguu yako inatetemesha meza yote."

Mguu wa Stany ukatulia.

"Tumalize, tafazali," Tata Asani alisema, akizungusha kofia yake mikononi. "Niko na lori inaningoja."

Lakini Mama Falonne hakuwa na haraka. "Nitawaambia kitu kimoja, kisha tupige kura. Kule Dilolo kamati ilificha. Mujumbe mumoja alikuwa na kaka yake kati ya waombaji, akanyamaza. Ikajulikana. Mufuko ukarudisha kila kitu nyuma. Batu walikuwa wameshapanda treni. Wakashushwa mu pori, wazee na batoto, na mvua inanyesha."

Kalumba aliwaona wakishushwa. Aliiona ile miguu iliyovimba ikitafuta ardhi gizani. Macho ya Stany yalikuwa juu yake, hayapepesi, na akajua kwamba Stany anajua. Akibaki, Stany angengoja treni iondoke ndipo aseme. Akitoka, Stany angeliua ombi hapa hapa, halafu angewaita vijana wake.

Akasimama. Kiti kilianguka nyuma yake.

"Mama yangu eko kule," alisema. "Anaitwa Mbelu. Na mi siyo Kalumba. Mi ni Tshilombo."

Hakungoja jibu. Alitoka, akaufunga mlango, akaegemea ukuta wa korido. Hakukimbia, kwa kuwa hakuwa na pa kukimbilia. Aliomba Mungu mkono mmoja tu, ule wa Stany. Ile mingine miwili alikuwa na hakika nayo.

Mlango ukafunguka. Alikuwa Stany.

Kalumba alikunja ngumi. Stany alimpita bila kumgusa, akajiachia chini kwenye saruji, akafunika uso kwa mikono yake mikubwa.

"Bibi yangu ya ndoa ni Mukasai," alisema. "Ni mi mwenyewe nilimupeleka kule gare. Na batoto."

Mlango ulifunguka tena. Mama Huguette akatoka akiwa ameinamisha kichwa, na nyuma yake, kofia mkononi, Tata Asani. "Hata sisi tuko na ndugu kule," alisema, na mezani akabaki Mama Falonne peke yake, asiye na kura.