Kitambaa cha Ndani

Siwema aliweka gauni juu ya cherehani, akageuza uso. Miezi minane iliyopita, alipokuwa amekonda kwa kujinyima chakula, alimletea Fundi Kombo gauni hilo hilo alipunguze, akaondoka na mwendo wa bibi harusi. Leo zipu imegoma katikati ya mgongo.

"Nipanulie, fundi. Wallahi bado nakula mchicha na kikombe kimoja cha uji. Daktari anasema ubongo wangu unadhani kuna njaa. Unanitia baridi na usingizi mchana kutwa, na kila tonge unaliweka akiba mpaka nirudi nilivyokuwa."

"Nyumbani wanasemaje?"

"Wanasema naiba chakula. Mume wangu ametia kufuli kwenye kabati."

Fundi Kombo aligeuza gauni upande wa ndani. Siwema akakiona kitambaa alichodhani kilishatupwa, kimekunjwa vizuri ubavuni, hakijaguswa na mkasi.

"Hukukata?"

"Huwa sikati, mama. Wengi hurudi."

Akafumua mshono. Matundu ya mshono wa zamani, wa kabla ya kupunguzwa, yalikuwa bado yapo, na sindano ikaanza kuyafuata moja baada ya jingine. Tepu ya kupimia ilibaki imening'inia shingoni mwa fundi, haikuhitajika.