Amri ya Zuio

Rungu la askari wa manispaa lilitua kwenye mkono wa fundi cherehani, na hata watu wa vibanda vya mbali wakausikia mfupa ukivunjika. Mama wa watu akaanguka kitako, lakini karatasi aliyotoka nayo mahakamani hakuiachia.

Nyuma yao tingatinga lilikuwa limeshabomoa vibanda vinne vya soko.

“Mnyang’anye,” mkuu wa kikosi alisema. “Mimi hiyo karatasi sijaiona.”

Askari aliinama. Mkono wa yule mama ulikuwa umepinda mahali pasipo na kiungo, na damu ilimtiririka hadi vidoleni.

“Soma kwanza, mwanangu,” mama alisema, meno ameyauma. “Kisha unipige tena ukitaka.”

Askari aliisoma. Jaji alikuwa amesimamisha ubomoaji asubuhi ileile. Halmashauri isiguse hata ubao mmoja mpaka kesi isikilizwe. Wino wa muhuri ulimchafua kidole gumba.

“Unangoja nini?” mkuu aliuliza. “Ichane.”

Askari alilitupa rungu mtaroni. Akasimama kati ya yule mama na tingatinga, akaanza kuisoma amri kwa sauti ili dereva asikie.

Wenzake walitazamana. Mkuu akawapa ishara kwa kidevu.

Pigo la kwanza lilimpata mdomoni. Aliyumba, akatema jino, akautafuta mstari alipoishia, akaendelea kusoma.