Mbuzi Aliyeaga

Tangu tumzike dada Eunike, sikuwa nimewasha gemu yake ya mkononi. Siku nilipoiwasha, mbuzi mmoja, mkazi wa kijiji ambacho dada alikijenga humo, alinijia na mzigo mgongoni akaomba kuhama.

Dada hakuwahi kumruhusu hata mmoja. "Kwangu hahami mtu!" alikuwa akisema, huku akicheka.

Kidole changu kilisimama juu ya kitufe alichokibonyeza mpaka herufi ikafutika.

"Anasemaje huyo?" baba aliuliza, akichungulia kioo kando yangu.

"Anaaga, baba. Nimkatalie?"

"Umkatalie? Wengine huondoka kimya kimya. Huyu kaaga!" Alisema kama mzazi aliyesifiwa mtoto wake kanisani. "Eunike alimlea vizuri."

Nikabonyeza: nenda salama.

Baba akasimama, akafunga vifungo vya koti. "Haya, tumsindikize mpaka barabarani."