Nyumba ya Nzaro

Kabla ya alfajiri kitasa kilikohoa, ndivyo nyumba zinavyofanya zikitaka kusema. Sheria iliruhusu mwenye kipato kidogo kitu kimoja tu, nyumba au pikipiki, na Nzaro alichagua pikipiki iliyomlisha; asubuhi hiyo alikuwa anahama.

“Utalala wapi, mwanangu?” nyumba ikauliza.

“Kijiweni, juu ya tanki.”

“Chai nimekupashia. Kunywa kwanza.”

“Bibi, tunachelewa,” pikipiki ikanguruma.

“Nyamaza wewe. Mvua ikinyesha, nani alikuwa anakulaza sebuleni?”

Pikipiki ikazima taa kwa haya.

Abiria wa kwanza siku hiyo alikuwa mpangaji mpya, na godoro lake kichwani. Nzaro akamshusha kwenye mlango ule ule. Nyumba ikamkaribisha mgeni kwa adabu, kisha kitasa kikanong’ona: “Nzaro, ukipata abiria wa huku, usimpe mwenzako. Umlete mwenyewe.”