Goti la Kushoto

Mzee Chikoti hakuwa na mtoto, hakuwa na meno ya mbele, wala hakuwa na gegedu, ule mfupa laini wa gotini, linalopatana na mwili wa mkewe, Bi Sijaona. Siku hizi goti lililosagika hupandikizwa gegedu la mtu mwingine, kwa barua ya idhini ya mume. Goti la kulia la Bi Sijaona lilipona kwa gegedu la Makwaya, mchumba wake wa zamani, ambaye yuko tayari kutoa tena.

"Goti la Makwaya limeamka vizuri," mkewe alitania. "Umeshaliandikia la kushoto, mzee wangu? Linanitoa machozi."

"Naandika."

Mzee akaiandikia hospitali: "Mke wangu amepona kabisa." Jikoni mguu mmoja ulikanyaga imara, mwingine ukaburutwa. Akaifunga bahasha kwa gundi, akaipeleka posta.